Saruji kwenye Pua ya Gari

Hapa Leicester, kwenye banda langu la nyuma, nilichukua Volkswagen ya kobe, nikaivua bodi ya bati nikaivisha ya faiba. Ikawa bagi, yale magari ya wazi ya mchangani aliyoyaanzisha Bruce Meyers kule California miaka ya 1960. Injini ya kobe iko mkiani. Bati likishaondoka, mbele hapabaki kitu ila upepo.

Siku ya kwanza barabarani mvua ilikuwa imenyesha. Nikafika kwenye kipilefti, nikakata kushoto. Usukani ukakubali, matairi yakakubali, gari likanyoosha hadi kwenye majani ya katikati. Tangi la petroli lilikuwa robo. Tangi la kobe liko mbele, la lita 40 hivi, kwa hiyo gari hili lina adabu siku ya mshahara tu.

Dawa niliiona rahisi: nihamishe betri kutoka nyuma ya kiti niilaze puani, pembeni ya tairi la akiba, na hapo katikati nishindilie mfuko wa kilo 25. Shemeji akasema mchanga. Mimi nilikuwa na saruji iliyobaki tulipotengeneza ua. Kilo ni kilo, nikamjibu.

Betri ikiwa puani na stata mkiani, waya lazima usafiri. Nikakata zile waya za kuazimia moto kwa jirani, nikaziunga. Asubuhi gari likawaka kwa mguso mmoja, nikajipongeza sana.

Jumamosi tukaenda harusini, tukapita kituo cha mafuta. Nikajaza tangi, nikawasha. *Tik.* Nikawasha tena. *Tik.* Mzee mmoja wa nyuma yangu kwenye foleni akaniuliza kwa upole kama gari ni la umeme. Nikamwambia umeme ndio hasa uliokosekana.

Stata inataka zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo; waya mwembamba unazila volti njiani, na stata ikishachemka jirani na injini inadai zaidi. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua kusukuma tu.

"Baba Salma," mke wangu akasema, viatu mkononi, "hili gari ulilinunua, au ulilipwa ulichukue?"

Akasukuma lakini. Na shemeji. Na yule mzee.

Wiki mbili baadaye nikanunua kebo nene ya milimita za mraba 35, na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ya kufunga karibu na stata, ili ule uzi mkongwe wa swichi usibebe mzigo wote. Nikafungua boneti nitoe betri. Haikutoka. Mvua ilikuwa ikipenya kwenye boneti siku zote hizo, na saruji ilikuwa imefanya kazi yake. Vichwa vya betri tu ndivyo vilivyobaki nje. Tairi la akiba lilizama hadi nusu.

Shemeji akachungulia. "Msingi umekaa. Bado kupiga plasta."

Nikajaribu tindo, faiba ikalia *kra*, nikaacha. Nikafunga kebo mpya kwenye vile vichwa, na rilei nyuma. Sasa linawaka hata likichemka, na kipilefti linakizunguka kama treni.

Juzi nimepata pancha. Nikampigia shemeji.

"Nije na tairi," akauliza, "au nije na tindo?"