Mabweni ya Makerere yanahukumiwa kwa kesi ya nani?

Julai 2022, miezi michache kabla ya Chuo Kikuu cha Makerere kusherehekea miaka 100, kampeni za kumtafuta rais wa Gildi, yaani serikali ya wanafunzi, ziligeuka ugomvi, na kijana mmoja akachomwa kisu akafa. Uchaguzi ukasimamishwa. Uliporudishwa ulikuja na sura nyingine: hakuna mikutano ya ana kwa ana, hakuna misafara ya kutoka bweni hadi bweni, kampeni ni mtandaoni na kura ni ya kubonyeza. Tangu hapo, ukizitaja mila za mabweni, zile nyimbo, ngoma na utani wao, mbele ya mzazi wa Kampala au mbele ya mkuu yeyote wa chuo, jibu unalipata kabla hujamaliza sentensi: kwani kelele zile zina thamani ya roho ya mtoto wa mtu?

Hoja ya wanaotaka kimya isibezwe. Mzazi wa Arua au Kabale aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asomee uhandisi hakumtuma kwenda kuburuta sanamu usiku wa manane. Mhadhiri mwenye kipindi jirani na Freedom Square, uwanja wa chuoni, hana wajibu wa kushindana na ngoma. Na nyimbo zenyewe, tuseme ukweli, nyingi haziimbiki mbele ya wakwe. Zinautaja mwili wa mwanamke kwa namna ambayo leo ingemfikisha mtu kwenye kamati ya nidhamu, na msichana wa miaka 18 aliyeshuka jana kwenye basi na begi lake hakuulizwa kama anataka kupokelewa hivyo. Anayesema ulikuwa utani tu, kwanza amuulize aliyetaniwa.

Hayo yote nayakubali. Ila shtaka la kisu, lile linalobeba hukumu nzima, ukilisoma taratibu utaona linamhusu mtu mwingine. Marehemu hakuwa mwanafunzi wa Makerere. Alikuwa anasoma chuo kingine. Waliopambana siku ile hawakuwa mabweni ya Lumumba na Livingstone. Walikuwa mashabiki wa vyama vya siasa vya taifa, vile vile vinavyovutana nchi nzima kila baada ya miaka mitano, vyama vinavyojua fika kwamba kiti cha Gildi ya Makerere ni ngazi nzuri ya kuelekea Bunge. Chama kimeingia kwa miguu yake, kikagombana na chama mwenzake, kisha adhabu ikaangukia ngoma za bwenini.

Kwa asiyepajua mlimani pale, mila zenyewe ziko hivi. Chuo kina mabweni tisa katika kampasi kuu, na kila moja limejijengea tabia yake. Wanaume wa Lumumba wana undugu wa miaka mingi na wanawake wa Mary Stuart, bweni la ghorofa ambalo kila mtu huliita Box. Undugu huo unaitwa Lumbox. Africa na Livingstone nao wana wao, Afrostone. Watu wa Northcote walijipanga kama jeshi, na vyeo vyao. Lumumba kuna Gongom, sanamu ambayo ikitolewa mahali pake ikapandishwa mlimani, hata mlinzi wa lango anajua mgomo umeanza. Kuna majina ya utani, kuna salamu, kuna nyimbo za kuwakejeli jirani, na zamani kulikuwa na mashindano ya tamthilia baina ya mabweni, yaliyowafundisha kuandika watu ambao baadaye Afrika nzima iliwasoma. Mwaka 1965 chuo kikatoa kikundi cha maigizo cha kusafiri kilichozunguka mijini na vijijini bila kutoza kiingilio, kikiigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili wa Uganda tunaolalamika kila mara kwamba lugha yetu haina jukwaa hapa nchini tungefaa kulikumbuka hilo mara nyingi zaidi.

Anayeitazama mila hii kutoka Jengo Kuu anaona kelele. Faida yake inaonekana ukikumbuka mwanafunzi ametoka wapi. Shule zetu kubwa za sekondari zilizaliwa na dini: Budo ya Waanglikana, Kisubi ya Wakatoliki, Kibuli ya Waislamu. Mtoto anaweza kufikisha miaka 19 bila kuwahi kula sahani moja na mtu wa dhehebu jingine, sembuse mtu wa upande mwingine wa Nile. Akifika Makerere, ofisi inamwandikia bweni bila kumuuliza kabila wala dini. Mwacholi, Mganda, Mgisu na Mnyankole wanaamka wote wakiwa watu wa Mitchell, na ndani ya wiki mbili wanawakejeli watu wa Nkrumah kwa sauti moja. Ni uadui wa kubuni, hauna shamba wala kaburi nyuma yake, na kwa nchi iliyopitia tuliyoyapitia, uadui wa kubuni ni bahati. Nyerere aliyesoma pale kati ya 1943 na 1945 aliishi katika mchanganyiko wa namna hiyo, wa vijana kutoka koloni moja na jingine. Sidhani kama somo hilo lilikuwamo kwenye mtaala.

Wapo wanaosema zamani mambo yalikuwa ya heshima, kwamba waungwana wa enzi za mkoloni walivaa majoho mekundu wakala kwa uma, na fujo imekuja na watoto wa leo. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula. Abu Mayanja, ambaye mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Uganda National Congress, alifukuzwa chuoni. Akaenda Cambridge, akarudi, na baadaye akawa waziri. Mgomo wa chakula uliomfukuzisha leo tungeuita uhuni. Kwa bahati yake umeshakuwa historia.

Na tukihesabu damu iliyomwagika mlimani pale, tuihesabu yote. Oktoba 1972, mkuu wa chuo Frank Kalimuzo alichukuliwa na watu wa Amin na hakuonekana tena. Agosti 1976 askari waliingia kampasi wakawapiga wanafunzi. Desemba 1990 polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakipinga kuondolewa kwa bumu, yaani posho yao, wawili wakafa. Oktoba 2019 wanafunzi, wasichana wakiwa mbele, waliandamana kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15. Askari wakaingia mabwenini usiku, wakavunja milango, wakapiga. Hata lango lilipofungwa miezi miwili kuanzia Novemba 2016 kwa amri ya Rais, chanzo kilikuwa wahadhiri waliodai malipo yao, wanafunzi wakaungana nao. Katika orodha hii sioni mahali ambapo bweni liliua. Naona mahali pengi ambapo bweni lilivamiwa.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu, na nitaomba uvumilivu wako hapa, maana naamini ndiyo inayofichwa na mjadala huu wote. Mwaka 1922 chuo kilianza na wanafunzi 14. Wote walitosha darasa moja. Leo wanazidi 30,000, na mabweni ya kampasi kuu ni yale yale tisa. Tufanye ukarimu, tuseme kila bweni limeze watu 700: tunapata 6,300. Yaani hata kwa hesabu ya ukarimu, watu wanne kati ya watano hawalali bwenini. Wanalala Kikoni, Wandegeya, Nakulabye na Kikumikikumi, katika hosteli za watu binafsi ambazo mwenye nyumba hana haja na nyimbo. Ana haja na kodi ya muhula. Ilianza miaka ya 1990, chuo kilipofungua mlango kwa wanaojilipia, na ufadhili wa serikali ukabaki kwa wachache: wanafunzi 4,000 kwa mwaka kwa vyuo vikuu vyote vya umma kwa pamoja.

Karatasini kila mwanafunzi bado ana bweni. Anayelala Kikoni ameandikiwa Livingstone, anapiga kura huko, anawakilishwa na mtu wa huko. Lakini muulize mlango wa chumba cha kulia uko upande gani. Na hata kama anajua, kitamsaidia nini, kwa kuwa majiko ya mabwenini yalifungwa na wanafunzi wa serikali wakapewa pesa wakatafute chakula wenyewe? Meza ya pamoja ilipoondoka, iliondoka na saa moja ya kila jioni ambayo mtu wa mwaka wa tatu alilazimika kukaa karibu na mtu wa mwaka wa kwanza. Sasa kila mmoja anakula roleksi yake, chapati iliyoviringishwa na mayai, Wandegeya, akisimama.

Matokeo yake ni kwamba mkutano wa kampeni, ule uliopigwa marufuku, ulikuwa umebaki kuwa siku pekee katika mwaka ambapo mtu wa Kikoni alirudi kwenye bweni lake. Aliimba nyimbo asizozijua vizuri, akavaa rangi za watu asiowafahamu, akajiona ni sehemu ya kitu. Ndiyo maana pia ikawa rahisi kwa vyama kumnunua: umati usiojuana hauwezi kumtambua mgeni aliyejipenyeza ndani yake. Bweni la zamani, ambapo watu 400 walikula pamoja kila siku, lingemjua mtu wa nje kwa uso tu. Kwa hiyo nasoma sababu kinyume na wanavyosoma wakuu. Wao wanasema mila ziliua usalama. Mimi naona usalama ulikufa mila zilipokuwa tayari zimedhoofika, na ganda tupu lililobaki likajazwa na mwenye fedha.

Hapa lakini kuna doa ambalo upande ninaouonea huruma haujalitazama. Kati ya mabweni tisa, matatu tu ni ya wanawake: Mary Stuart, Africa na Complex. Wanawake walianza kupokelewa mwaka 1945, wakiwa sita, na chuo kikalazimika kuiacha kaulimbiu yake ya "Tuwe wanaume" na kuchukua ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Tangu 1990 wasichana wanaongezewa alama 1.5 wanapoomba nafasi, na katika mahafali ya miaka ya karibuni wamekuwa zaidi ya nusu ya wahitimu. Zaidi ya nusu ya watu, theluthi moja ya mabweni, na sehemu ndogo zaidi ya theluthi katika utungaji wa nyimbo. Mila inayotaka kuokolewa na wanawake hawa italazimika kuwapa zaidi ya nafasi ya kuwa dada wa Lumumba.

Doa la pili linauma kwa namna yake. Northcote lilikuwa jina la Mwingereza aliyewahi kuwa gavana wa Hong Kong. Chuo kikalibadilisha bweni hilo kuwa Nsibirwa, kwa heshima ya Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda aliyepigwa risasi Namirembe tarehe 5 Septemba 1945 kwa kuunga mkono ardhi itolewe ili Makerere ipanuke. Mtu amekufa ili bweni lipate mahali pa kusimama, na vijana waliolala humo waliendelea kwa miaka kujiita watu wa Northcote kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu. Nikisikia mtu akisema mila ni kumbukumbu, huwa namuuliza kumbukumbu ya nani.

Lakini hata doa hili halirekebishwi kwa marufuku. Jina la Nsibirwa litaimbwa siku atakapotokea mtu wa kulitungia wimbo, na wimbo hautungwi kwenye kikundi cha WhatsApp cha kampeni. Na kampeni za mtandaoni zenyewe, tumezitazama vya kutosha sasa? Fedha za vyama hazikukosa njia. Vifurushi vya intaneti vinanunulika, mabango ya simu yanatengenezwa na wataalamu, na mgombea asiye na chama nyuma yake, aliyekuwa akitegemea sauti yake na utani wake juu ya ngazi za bweni, ndiye aliyepoteza. Zamani umati ulimzomea mgombea bandia usoni. Skrini haizomei.

Baraza la Chuo lina haki ya kulinda roho za watu, na baada ya 2022 lingekuwa la ajabu kama lisingefanya kitu. Nadhani lilifunga mlango usio wenyewe. Kitambulisho cha mwanafunzi kikikaguliwa langoni siku ya kampeni, rangi na bendera za vyama zikibaki nje, mikutano ikifanyika ndani ya uwanja wa kila bweni mchana kweupe, mlezi wa bweni na viongozi wake wakiwajibika kwa majina yao kwa kila aliyeingia, hatari ile iliyomuua yule kijana inakuwa imezuiwa kule ilikotoka. Nyimbo zinazomdhalilisha mtu zina kanuni za nidhamu tayari, zitumike. Na kama pesa ipo ya kukarabati kuta, itengwe kidogo kwa jiko moja, hata kwa chakula cha Jumapili tu, ambapo yule wa Kikoni aliyeandikiwa Livingstone ataruhusiwa kuja na sahani yake. Lijaribiwe kwa Mary Stuart na Livingstone kwa mwaka mmoja wa uchaguzi, kisha Baraza lilinganishe ripoti za polisi za mwaka huo na za kampeni za mtandaoni.