Mekanika fest yia: kama PCM tulishaisoma, kwa nini turudie?

Semista ikianza pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mageto ya Ng'ong'ona yanarudi kwenye ubishi uleule. Fest yia wa injinia wanauliza kwa nini wanafundishwa mekanika (fizikia ya nguvu na mwendo) tena wakati kwenye PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu za form six, walishaisoma yote, Newton, projektaili, mwendo wa duara, SHM (mwendo wa kwenda na kurudi kama pendulamu), mpaka mzunguko wa rijidi bodi (kitu kigumu kisichobadili umbo), wakaifanyia na mtihani wa NECTA wakafaulu.

Hoja yao ina uzito na mi siwezi kuipuuza. Digrii ya injinia ni miaka 4, ratiba imebana, fest yia anawasikia kaka zake wa mwaka wa tatu wanalalamika muda wa wekshopu hautoshi na AutoCAD wamejifunzia YouTube, halafu yeye anakalishwa wiki nzima kwenye v = u + at, fomula ya spidi aliyoizoea. Na kama lekcha anasoma desa (notsi) lilelile la miaka yote, anamwaga fomula, anatoa maswali ya kuchomeka namba, basi hiyo ni form six iliyohamia chuo na wanaolalamika wako sahihi kabisa.

Ila sasa tuambizane ukweli, wengi tuliowaona wana A ya fizikia walifaulu kuchomeka namba, mekanika yenyewe bado. Mpe mtu karatasi tupu, mwambie achore fri bodi dayagramu, yaani mchoro wa nguvu zote, ya bodaboda inayoondoka kijiweni, umuulize msuguano kwenye tairi la nyuma unaelekea wapi. Fasta atachora mshale kwenda nyuma, maana amekariri kwamba msuguano unapinga mwendo. Jibu ni mbele! Tairi linasukuma lami kwenda nyuma, lami inalisukuma tairi mbele, na hiyo ndo sheria ya tatu ya Newton ambayo aliiandika kwenye mtihani neno kwa neno akapewa vema. Ingia na hiyo boda kwenye mchanga utaona, tairi linazunguka palepale kwa sababu mchanga unateleza, haulipi tairi msukumo wa kutosha. Na tatizo hili si la kwetu tu, mwaka 1992 Hestenes na wenzake kule Marekani walichapisha mtihani wa maswali ya kuchagua usiohitaji hesabu hata moja, ukaonyesha kwamba wanafunzi wengi hata baada ya kusoma kozi ya fizikia bado wanaifikiria nguvu kama watu wa kabla ya Newton.

Kuna na jambo la pili, ambalo kwa injinia naliona kubwa zaidi. Form six inakuzoesha vitu visivyobadilika: mchapuko haubadiliki, hewa haipo, breki hazipati moto. Angalia mteremko wa Sekenke kule Iramba. Tuseme lori la tani 40 linashuka kimo cha mita 200, mgh (uzito mara kimo) inakupa nishati ya juli milioni 78 na kidogo, form six anaishia hapo anapiga mstari chini ya jibu. Injinia ndo anaanza hapo sasa. Zile juli zinaenda wapi? Kama zote zimeingia kwenye breki na chuma cha breki ni nusu tani na hakijapata muda wa kupoa, joto lake linapanda zaidi ya nyuzi 300, na breki ikipata moto hivyo haishiki. Jumla ya nishati ni ileile ushuke mbio au taratibu, ila ukishuka mbio juli kwa sekunde zinakuwa nyingi kuliko hewa inavyoweza kuzipoza, ndo maana dereva mzoefu anaweka gia nzito kabla hajaanza kushuka, injini ibebe sehemu ya mzigo. Hapo kuna kalkulasi (hesabu za vitu vinavyobadilika), kuna pawa, kuna joto, na kuna roho za watu.

Treni ya SGR nayo hivyohivyo, kwa kilomita 160 kwa saa ukifunga breki kwa mchapuko wa mita 0.7 kwa sekunde mraba inahitaji kama mita 1,400 kusimama, ila nguvu ya hewa inakua na mraba wa spidi kwa hiyo mchapuko haukai palepale, na fomula zile tatu za form six zinakuacha njiani.

Tusiwasahau pia wanaotoka diploma, mikono yao iko vizuri ila wengi kalkulasi inawapiga chenga, kozi ikifutwa wao ndo wanaanza kula sapu (mitihani ya kurudia) za mapema.

Kwa hiyo mi nasema kozi ibaki, ila isibaki ilivyo. Wiki ya kwanza wapewe testi ya kuchora nguvu tu bila namba, iwaonyeshe wapi hawajui. Kinematiki ipewe wiki moja ya kukumbushana, muda unaobaki uende kwenye rijidi bodi, msuguano, nishati na hesabu zenye vitu vinavyobadilika, na UE (mtihani wa mwisho wa semista) iwe na maswali ambayo kikokotoo hakisaidii. Gumu ni kusahihisha, michoro ya darasa la watu mia tatu haiwezi kusahihishwa na lekcha mmoja na msaidizi wake, watachoka na kurudi kwenye kuchomeka namba. Wale wa mwaka wa tatu wanaoipiga vizuri wachukuliwe kuendesha tutoriali za watu ishirini ishirini, na walipwe posho, boom (hela ya kujikimu ya mkopo) peke yake haiwatoshi.