Suka ni Wewe

Leseni yangu ya daraja E ilikuwa na wiki tatu, bado inanukia plastiki, tajiri aliponikabidhi funguo za semi yenye tani 28 za mbolea. "Makambako," akasema. "Kesho kutwa jioni nipigiwe simu kwamba mzigo umeshuka." Kabla ya hapo nilikuwa naendesha Hiace, Kibaha kwenda Mlandizi, na safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kupeleka watu harusini Chalinze. Sasa napewa zaidi ya kilomita 600 na tela juu. Nikajipa moyo kwamba gari ni gari. Usukani wenyewe si ni huohuo wa duara?

Nilikabidhiwa na utingo. Ukisikia utingo unapata picha ya kijana mwembamba mwenye kandambili, analala juu ya turubai. Wangu alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, amefika Tunduma mara nyingi kuliko mimi nilivyofika Kariakoo. Namwamkia shikamoo, halafu hapohapo namtuma aweke gogo kwenye tairi. Mzee yule alijua kila kitu cha lori, ila alikuwa na msimamo wake: utingo hamfundishi dereva. Ukimuuliza atakujibu. Usipomuuliza atakutazama tu, anatafuna karanga, kama anaangalia mechi ya timu asizozishabikia. Jambo likiharibika ana maneno matatu, na "suka" kwa lugha ya barabarani ni dereva.

"Suka ni wewe."

Vigwaza gari ilinizimikia juu ya mizani ya kupimia malori. Nikawasha, ikazima. Nikawasha, ikazima. Malori ya nyuma yakaanza kupiga honi kwa zamu, kisha yakachoka zamu yakapiga yote pamoja. Ikanibidi niulize.

"Mzee, hii gari ina nini?"

"Umeondokea gia ya tano."

Basi, mambo yakawa hayohayo mpaka Morogoro, tukalala. Mikono ilikuwa inaniuma kama nimelima heka mbili kwa jembe la mkono.

Kesho yake, tumeshapita Melela, barabara imenyooka, hewa nzuri, nikaanza kujisikia suka kweli. Kioo nimeshusha, kiwiko kiko nje. Mara PAA! Nikainamisha kichwa nikidhani tumepigwa risasi. Mzee hata karanga hakuacha.

"Tairi hiyo. Kushoto nyuma, ya ndani."

Nikaegesha pembeni, nikawasha hazadi. Hapo kulikuwa na jambo moja ambalo sikuhitaji kuuliza mtu, maana mtoto yeyote aliyekulia kando ya barabara hii analijua: lori likiharibika, unakata matawi. Nikachukua panga. Sikukata vijiti vya kubabaisha, nilikata matawi mabichi, yenye majani ya kutosha, nikayapanga nyuma na mbele, hatua kumi kwa hatua kumi. Yalinyooka mstari hadi nikarudi nyuma kidogo kuyatazama. Mzee naye aliyatazama. Hakusema kitu, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ameyapenda.

Tukaja kwenye tairi. Jeki ikazama kwenye udongo, nikatafuta ubao. Nikachomeka spana kwenye nati ya kwanza, nikaivalisha bomba ili kuongeza nguvu, nikavuta. Haikusogea. Nikaning'inia. Haikusogea. Nikavua shati, nikapanda juu ya bomba nikarukaruka kama mtoto kwenye tawi la mwembe, mabasi ya Mbeya yananipita na abiria wamebandika nyuso viooni. Saa nzima. Nati kumi, na hata moja haijatoa mlio. Mzee amekaa kivulini, amekunja miguu.

"Mzee, nati hizi zimeshika kutu?"

"Hazina kutu."

"Sasa mbona hazifunguki?"

"Zitafungukaje na wewe unazikaza?"

Nikakaa chini. Akanieleza taratibu, kwa sababu sasa nilikuwa nimeuliza. Tela lile ni la kizamani, nati za upande wa kushoto uzi wake umegeuzwa. Kule unakaza kwa kuipeleka mbele, kama tairi linavyozunguka gari likienda, na unafungua kwa kuirudisha nyuma. Mimi nilikuwa nafungua Kihiace.

"Umezikaza vizuri, lakini," akanifariji. "Hizo hata Lubumbashi zinafika."

Ikabidi tupande bombani wote wawili, mzee na kijana, tunaning'inia kama popo. Ndipo likatokea kundi la mbuzi, wengi, na kijana wa Kimaasai nyuma yao, fimbo begani, simu inaimba mfukoni. Akatusalimia, tukamsalimia. Akasimama kutucheka kidogo, tukampa maji, akaendelea zake. Nati ya kwanza ikalia kwaa! Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mzee. Nyuma sikuangalia.

Tulikuwa tunafunga tairi zima pale gari la trafiki lilipopaki mbele yetu. Akashuka afande, kofia nyeupe, hana haraka.

"Dereva nani?"

Mzee akaninyooshea kidole kabla swali halijaisha.

"Gari bovu barabarani, alama ziko wapi?"

"Nimeweka matawi, afande. Nyuma na mbele." Nilisema kwa kujiamini kabisa, nikageuka kumwonyesha.

Lami ilikuwa tupu, kama imefagiwa na bibi harusi. Pale lilipokuwa tawi la kwanza kulikuwa na kijiti kimoja, kimemenywa hadi magome, na kando yake punje nyeusi za mavi ya mbuzi, mbichi, bado zinang'aa.

"Yameliwa, afande."

"Yameliwa na nani?"

"Na mbuzi."

Akaangaza huku na huku. Mbuzi walishapotelea vichakani, hata vumbi lao lilishatulia. "Mbuzi gani?"

Sikuwa na ushahidi mwingine, nikamwonyesha mavi. Aliyatazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, kifua wazi, grisi hadi puani. "Kijana, nimeshaambiwa breki zimekata, nimeshaambiwa mke anajifungua, nimeshaambiwa leseni imeliwa na panya. Mbuzi ndiyo naanza leo." Halafu akaniambia hata hayo matawi yangekuwepo yasingeniokoa, sheria inataka pembetatu zinazong'aa. "Unazo?"

"Sina, afande."

Akabonyeza kimashine chake, kikatapika karatasi. Shilingi 30,000. Akanitakia safari njema, na nikiri kwamba alijitahidi sana kutocheka mpaka alipofunga mlango wa gari.

Vumbi lake halijatulia, mzee akapanda juu, akainua godoro la nyuma ya siti, akashuka na boksi. Ndani yake pembetatu mbili nyekundu, hata nailoni hazijatolewa.

"Mzee! Kwa nini hukusema?"

"Uliulizwa wewe, ukasema huna. Nikubishie mbele ya serikali?" Akarudisha karanga mdomoni. "Suka ni wewe."

Ikabaki kumwambia tajiri. Mtandao pale ulikuwa kijiti kimoja, nao unakuja na kuondoka. Nikapanda juu ya mifuko ya mbolea, simu nimeinyanyua hewani, nikaweka spika.

"Tajiri, tumepigwa faini. Ni hawa mbuzi, wamekula..."

"Mmekula mbuzi?"

"Hapana tajiri, mbuzi ndio wamekula!"

"Ndiyo mmekula?"

"Matawi, tajiri! Wamekula matawi!"

"Mpaka maini!"

Nikajaribu kuanza upya, sauti yake ikaja nzimanzima kama yuko juu ya turubai na mimi: "Mbolea ya watu inasubiriwa, nyinyi mmekaa porini mnachoma mbuzi? Huyo mbuzi wenu mtamlipa wenyewe!" Ikakatika. Nilipiga tena mara nne, haikushika. Nilipoangalia chini mzee alikuwa ameegemea tela, mabega yanamtingishika. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka safari nzima, na alicheka bila sauti.

Tukaingia Hifadhi ya Mikumi, zile kilomita 50 ambazo unaambiwa uende polepole. Kuna bango linaloorodhesha wanyama na faini ya kila mmoja ukimgonga, kwa dola. Nililisoma lote kwa makini ya mtu aliyeumia. Mbuzi hayumo.

Mlima Kitonga niliupanda na gia ya chini tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii kabla ya kupanda niliuliza. Niliuliza kila kitu. Niliuliza mpaka mambo ninayoyajua, mpaka mzee akaniomba nimwache asinzie. Lakini kabla ya hapo, tuliposimama Ruaha Mbuyuni kula, dereva nisiyemjua kabisa, anatoka upande wa Iringa, alinipita na sahani yake ya ugali akasema, "Suka, matawi yako leo hayana chumvi?" Namna habari ile ilivyonitangulia mpaka leo sijui. Kwenye barabara hii ya TANZAM, ya kwenda Zambia, habari haina mizani ya kusimama.

Mzigo ulishuka Makambako, siku moja nje ya ahadi. Mwisho wa mwezi tajiri akatuita, akafungua daftari lake la mahesabu, anasoma huku kidole kinashuka. Mshahara. Mileji. Dizeli. Pancha. Kidole kikasimama kwenye mstari ulioandikwa kwa kalamu nyekundu: *Mbuzi 1 – 30,000*.

"Tajiri, wallahi hatukula mbuzi." Nikamgeukia mzee. "Mzee, mwambie basi."

Mzee akapangusa ndevu. "Mimi utingo tu, tajiri. Suka ni yeye."

Tajiri akakata hela yake, akanihesabia iliyobaki, akafunga daftari. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena, sasa kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye shughuli yake.

"Hebu subiri. Huyo mbuzi mlimnunua kwa nani? Kwa bei hiyo, mkipita tena nichukulieni wawili."