Wete inaishi kwa shamba lake

Wanaozungumzia miji ya Pemba hawachelewi kusema Wete imelala. Chake Chake ina uwanja wa ndege na ofisi, Mkoani ina bandari wanayoshukia abiria wa meli za Unguja, na Wete imebaki na soko lake na maghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi. Mimi sikubaliani nao. Wete imebadilisha kazi zake mara nyingi, na kila ilipoinuka iliinuliwa na shamba, yaani vijiji vinavyoizunguka.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tokea hapo karafuu ya Zanzibar ikawa zaidi ni karafuu ya Pemba. Wete ina ghuba iliyokingwa na visiwa vidogo, basi majahazi yakapata pa kutia nanga na maduka yakaota. Mji ule ulikua kwa sababu mtu wa Mtambwe au wa Kojani alikuwa na haja ya kufika pale.

Haja hiyo bado ipo, na msimu wa karafuu ndio unaoionyesha vizuri. Karafuu huchumwa kwa mkono, tena kabla ua halijafunguka. Jioni watu wa nyumba nzima, watoto waliotoka skuli na majirani, hukaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Asubuhi inaanikwa juani juu ya majamvi mpaka ikauke iwe ya hudhurungi, na harufu yake inakufuata hadi ndani ya gari. Mkulima akishalipwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ambalo ndilo linalonunua karafuu zote kisheria, wiki ile ile fedha inaonekana mjini kwa muuza bati, fundi cherehani, muuza magodoro na mama lishe.

Kuna karakana moja Mtemani, mtaa wa Wete, ninayopenda kusimama. Mzee alikuwa seremala wa milango na vitanda. Sasa mwanawe anakata madirisha ya aluminiamu kwa mashine, na benchi la baba yake ndilo analopimia vioo. Kazi hiyo isingewezekana zamani, tulipotegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakizimika ovyo. Umeme wa Tanga ulioletwa kwa waya wa chini ya bahari 2010 ndio uliomfungulia njia. Wateja wake wengi ni watu wa vijijini wanaojenga baada ya kuuza karafuu. Kwangu mimi huko ndiko kufufuka kwa mji.

Nyumba nzuri zinazojengwa kwa fedha za Dar es Salaam na Oman nazishukuru, maana mafundi wanakula. Lakini nyingi zimefungwa mwaka mzima, geti limetiwa kufuli, mlinzi mmoja anamwagilia maua. Nyumba isiyo na mtu hainunui samaki sokoni wala haipeleki mtoto skuli. Mji ukijaa nyumba za namna hiyo utapendeza kwenye picha tu, na biashara za jirani zitakosa wateja.

Kinachonisumbua ni kwamba karafuu inapita Wete bila kufanyiwa kazi yoyote ya kuiongezea thamani. Inapimwa, inatiwa kwenye magunia, inapakiwa, inaondoka. Makonyo hukamuliwa mafuta Wawi, karibu na Chake, na huko kuna vijana wenye ajira kwa sababu hiyo. Kwa nini Wete nayo isiwe na pa kufungashia karafuu ya rejareja, pa kukamulia mafuta, pa kusagia mwani? Kinamama wa pwani wanaulima mwani kwa tabu, maji yakiwafika magotini na jua likiwa kichwani, kisha wanauuza mkavu kwa bei ndogo, ilhali sabuni ya mwani inauzwa ghali kwa watalii Unguja. Kazi hizi hazisubiri msimu, kwa hiyo kijana asingelazimika kupanda meli kila karafuu inapokwisha.

Barabara zinapokuwa nzuri, mtu wa Konde, kule kaskazini, hufika Chake haraka na Wete anaipita tu. Kwa hiyo mji lazima uwe na kitu cha kumsimamisha. Ningeanza na soko: Baraza la Mji liwatengee vikundi vya kinamama wa mwani na wa viungo milango kadhaa ya maduka karibu na kituo cha gari, kwa kodi wanayoiweza, kabla milango yote haijachukuliwa na wauza bidhaa za kutoka nje.