Cairo Usiikimbie Saa ya Msongamano

Kila anayekwenda Cairo hupewa wosia uleule: toka hotelini alfajiri, zunguka upesi, rudi kabla mji haujafurika. Mimi siuafiki. Mji wenye watu zaidi ya milioni 20 ukijumlisha viunga vyake haunogi ukiwa mtupu, na kwa aliyekwenda kula, kuukwepa umati ni kukikwepa chakula chenyewe.

Shuka metro kituo cha Ataba jioni, watu wakitoka kazini. (Metro hiyo ilianza 1987, ya kwanza Afrika, na ina mabehewa ya wanawake peke yao. Akina dada, yatumieni.) Ukipanda juu ni honi, wachuuzi na mabasi. Kuvuka barabara ni mtihani. Jibanze ubavuni mwa mwenyeji, hasa mama mwenye mtoto, mwende sambamba, wala usirudi nyuma ghafla.

Sasa tafuta mgahawa wa koshari wenye foleni. Mpakuaji anachota wali, adesi na makaroni, huku akigonga mwiko kwenye bakuli la bati kama mpiga tari. Juu yake anamwaga rojo ya nyanya, dengu, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka na kuwa vya kahawia. Mezani utakuta siki yenye kitunguu saumu na pilipili ya maji. Siki mimina bila woga. Pilipili anza na matone. Nyama hamna, na wala hutaikumbuka. Hiki ni chakula cha watu wenye haraka na njaa: kinashibisha, bei yake nafuu, na kinakufikia kabla hujakaa vizuri.

Wanaohofia tumbo ndio hasa ningewapeleka kwenye foleni. Sufuria inayokombwa na kujazwa tena kutwa nzima haina chakula cha kulala. Kachumbari iliyooshwa kwa maji ya bomba, hiyo naiacha.

Asubuhi ni zamu ya ful, maharage yaliyotokota usiku kucha kwenye moto mdogo, na taamiya, bajia za maharage ambazo ukizimega ndani ni kijani kwa majani ya kotmiri. Watu huzila wima kando ya mkokoteni, kisha hao, kazini. Mkate wake utapishana nao njiani: kijana juu ya baiskeli, chano cha mbao kilichosheheni mikate kichwani, mkono mmoja umekishika, mwingine uko kwenye usukani, anapenya katikati ya teksi.

Nisichokipenda ni migahawa ya soko la Khan el-Khalili inayoweka mtu mlangoni akuvute mkono na menyu ya picha. Soko lenyewe litembee, chai ya mnanaa kunywa, ila njaa yako ipeleke vichochoro vya nyuma, kule wenye maduka wanakokwenda kula mchana.