Ami Yuko Hai, Nilimlaza Tu

Kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni vya kulia machozi kwa sababu ya ile picha inayozunguka kwenye status, ami yangu yuko hai. Jana asubuhi nimemuona kwa mato yangu Mkunguni, hapa Lamu, anakunywa kahawa, na amenitizama vile mvuvi anavyomtizama papa aliyempasulia nyavu. Kwa hivyo ile voisi ya dakika nne aliyowarushia Kasuku (si jina lake, lakini wazazi wake walikosea) msiibebe yote. Kasema Alhamisi usiku nilitoka mbio nikatumbukia baharini. Sikutumbukia. Maji yenyewe yalikuwa yamekupwa.

Ile apu ya wenye mashua mnaijua, nimewasumbua nayo tangu kusi ianze. Nahodha anaweka picha ya chombo chake na picha yake mwenyewe, mgeni anachagua, wanapatana bei ya kwenda kisiwa cha Manda Toto, basi. Mimi niliyejipa kazi ya picha. Na picha si mchezo, simu za siku hizi zinapiga pikseli (vile vitone vya rangi) 4000 kwa 3000, ukiifungua yote kwenye kumbukumbu ya simu ni pikseli milioni 12, kila moja inakula baiti 4, yani megabaiti 48 kwa mashua moja tu, fungua chache na simu ya nahodha inakata roho. Kwa hivyo nikaandika kodi (ya kompyuta, si ya serikali) inayoipunguza kwanza halafu inaihifadhi upya kama faili ndogo ya picha, JPEG, ndo inapanda kwa seva.

Na nikaiandikia testi, yani vikodi vidogo vya kuijaribu kodi yenyewe, msione hivi. Yuniti testi 41, zote kijani. Nikapiga skrini nikaweka status: "Testi zimepita, sasa twalala." Wallahi ndivyo nilivyoandika. Twalala.

Sasa niwaambie picha niliyokuwa naitestia na mnihurumie. Ni mraba, 100 kwa 100, nimeutengeneza kwa kodi, mwekundu mtupu. Ukiulaza ni mwekundu, ukiupindua ni mwekundu, ukiusimamisha kwa kichwa ni mwekundu na bado ni mraba. Testi inauliza, picha imepungua? Imepungua. Faili imekuwa jepesi? Limekuwa jepesi. Hakuna hata testi moja kati ya 41 iliyouliza juu ni wapi.

Alhamisi baada ya Isha nikaita watu niwaonyeshe apu, uani kwa bibi yangu, mtaa wa Langoni. Watu kama thelathini, wanaume chini, wanawake juu wanachungulia. Tumeazima projekta, na skrini hatuna, kwa hivyo tukatundika shuka jeupe la mamangu kwenye ukuta wa kusini. Bibi kafukiza ubani, ati kwa sababu ya mbu. Shikeni hayo mambo matatu: shuka jeupe, ubani, na ukuta wa kusini, maana kila atakayeonekana pale anatazama kaskazini, na sisi watu wa Amu (ndo Lamu) kaskazini ndo kibla.

Picha ya kwanza, mashua, imesimama sawasawa, watu wakapiga makofi. Ya pili mashua, miguu juu. Yani bahari iko mbinguni na mlingoti unachokoa chini. Mwenye chombo akaguna, "Mbona mumenizamisha?" nikacheka nikasema ni kitu kidogo, mtandao. (Tukikosa la kusema sisi husema mtandao.) Kimoyomoyo nikajua si mtandao.

Ya tatu ilikuwa ya ami. Kasuku ndo aliyempiga mchana ule, amevaa kanzu na kofia, amesimama wima kama mnara, na simu Kasuku kaishika wima. Ukitoa ule mraba, picha za kweli nilizozijaribu kwa mkono zote zilikuwa za mashua, na mashua unaipiga simu ikiwa imelala. Mtu sijajaribu hata mmoja.

Nikateleza kidole.

Apu yangu picha zinaingia kutoka kulia, pole pole, niliipunguza kasi mwenyewe ati ipendeze. Kwa hivyo kilichotangulia kuingia kwenye shuka ni kofia. Kichwa mbele. Halafu paji la uso. Halafu ndevu nyeupe, zimelalia upande. Halafu kanzu, inaingia tu, haiishi, kama kuna watu wanne wameibeba. Mpaka akatua. Ami yangu, urefu wa shuka zima, amenyooka, kalalia ubavu wa kulia, uso kibla. Wa KULIA. Hata wale wazee wenye kuzika wangempanga wasingeweza kumpanga vizuri zaidi.

Uani kimya. Ubani unapanda.

Juu huko sauti ya mwanamke ikasema taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Na mnajua ile kalima ikishasemwa, mdomo unaitikia wenyewe. Nusu ya ua ikaitikia. Na ami, ambaye amekaa mbele kabisa kwenye kiti cha heshima, miwani kaiacha nyumbani, akainamisha kichwa, akaitikia na yeye, akasema, "Allah amrehemu. Ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi ulimi umegandana. Kasuku ndo akamwinamia, kwa adabu zote, "Ni wewe, Ami."

Akasogea mpaka karibu na shuka. Akajitazama. Akajigeuza kichwa ili aone vizuri, kisha akanigeukia mimi. "Yeo nimekula wali kwenu. Nimekufa saa ngapi?"

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikashika projekta yenyewe nikaisimamisha kwa ubavu, nikidhani nikiigeuza nayo picha itasimama. Ikasimama kweli! Ami akainuka kutoka kwenye mauti, taratibu, nusu yake ukutani, kichwa kimepanda mpaka kwenye dirisha la jirani, na mtoto akapiga ukelele "AMEFUFUKAAA," na hapo wanawake wote juu wakalia kwa pamoja na sijui kama ilikuwa kicheko. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilichokanyaga kilikuwa cha punda, Kasuku. Si bahari.

Nyinyi wa kodi mlioniuliza faraghani, haya upesi: simu nyingi ukiishika wima haiigeuzi picha, inaiandika imelala vilevile, halafu inaweka kikaratasi ndani ya faili, EXIF, chenye namba ya mwelekeo 1 hadi 8. 6 ni "nigeuze robo duara kulia," 3 ni "nipindue," na gala ya simu, ile unayofungulia picha, hukisoma, ndo maana kule ami alikuwa wima. Kodi yangu ilibeba pikseli ikatupa kikaratasi. Sasa inasoma namba kwanza, inageuza, ndo inahifadhi. Na ule mraba mwekundu nimeuzika, mahali pake nimeweka mstatili wenye pembe nne za rangi tofauti, nakala nane, namba moja kila nakala, na testi inauliza kila pembe ina rangi yake, au karibu na rangi yake, maana JPEG huzichafua rangi kidogo. Nilizipiga kwanza kwa kodi ya zamani. Katika nane, saba zikaanguka.

Kilichobaki ni kwamba kuna mtu aliipiga ile shuka akaiweka status bila maelezo, ikafika Mombasa, na Ijumaa mamangu akaanza kupokea pesa za rambirambi kwa simu. Akataka kuzirudisha. Vijana wa ufukoni nao wakiniona wanainamisha kichwa ubavuni kunisalimu.

Basi jana pale Mkunguni ami akaniita, "Ndoo hapa." Nikaenda na shingo yangu. Akamaliza kahawa yake, akaweka kikombe. Akaniuliza kama ile picha nimeshaifuta. Nikamwambia ndiyo Ami, nimeifuta, nimeweka nzuri, umesimama.

Akasikitika. Akasema ningengoja kidogo, watu wa Malindi hawajaiona, na zile pesa mama asirudishe, za nani zile kama si zake yeye maiti.