Digrii ya mitihani si digrii feki, ila masta ina macho yake

Wabongo tulioko Marekani tunajuana. Mchana shifti ya kutunza wazee, usiku kompyuta iko juu ya meza ya jikoni mtu anajisomea saikolojia mwenyewe, Jumamosi anaenda kituoni kufanya mtihani wa CLEP (ukifaulu unahesabiwa somo la chuo bila kukaa darasani) wa saa moja na nusu hivi, akipata alama 50 (unahesabiwa 20 hadi 80) vyuo vingi vinampa krediti 3, yaani pointi za somo moja kuelekea digrii, ameokoa somo zima la muhula na ada yake. Halafu anatokea mjuaji anamwambia hizo krediti za kuokoteza, ukiomba masta watakucheka.

Mjuaji ana hoja, ila kaishika mahali siko.

CLEP ya College Board, shirika la mitihani la Marekani, ipo tangu 1967, haijaletwa juzi na intaneti. Vyuo kama Thomas Edison State, Charter Oak State na Excelsior vilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima wa aina hii hii, wenye kazi na watoto, na Thomas Edison ithibati yake imetoka Middle States, chombo hichohicho kinachoipa ithibati Princeton. Na swali la kwanza la chuo cha masta ndio hilo, shahada imetoka chuo chenye ithibati? Basi. Tena kuna mtihani wa kuongea lugha wa ACTFL (chama cha walimu wa lugha za kigeni Marekani) ambao upo hata kwa Kiswahili, unapigiwa simu, unaongea nusu saa au chini ya hapo, na chuo kikikubali unapata krediti. Kuna watu wanaona kama ni ujanja ujanja, mimi sioni, maana Mmarekani anayekaa darasani mwaka mzima kujifunza ngeli anapewa krediti na hakuna anayemcheka.

Sasa upande wa pili. Udaktari usijaribu kabisa, shule nyingi za tiba hazitaki CLEP kwenye bayolojia na kemia, wanataka darasa na maabara. Hilo halina mjadala.

Kinachonikosesha usingizi ni GPA, wastani wa gredi zako, A ikihesabiwa 4 na C ikihesabiwa 2. Digrii ina krediti 120. Chukulia mtu kaingiza 90 kwa mitihani, zimebaki 30, yaani masomo kumi tu. Zile 90 kwa kawaida zinakaa kwenye transkripti bila gredi, hazihesabiwi. Kwenye kumi zake kapata A nane na C mbili (mtoto aliumwa, shifti iliongezwa, yale yale), GPA 3.6. Mwenzake aliyekaa darasani masomo 40 akapata C mbili zilezile na zilizobaki zote A, anatoka na 3.9. Wameteleza mara mbili wote, ila mmoja ndio kaumia. Na hata ukipata 4.0 safi, anayesoma faili lako anaona ni 4.0 ya masomo kumi, robo tatu ya digrii hajui ulikuwaje, ulifaulu kwa 51 au kwa 79 transkripti haimwambii.

Halafu barua. Nilimsaidia dada mmoja kujaza fomu ya masta ya afya ya jamii, wanataka barua tatu za kumpendekeza, mbili za walimu. Tukatazamana. Sosholojia alifanyia kituoni, bayolojia hivyohivyo, saikolojia hivyohivyo, mwalimu pekee aliyemkumbuka kwa jina alikuwa wa somo la mwisho, la mtandaoni, wakaandikiana email tatu. Barua yake ikaja mistari minne, ya kwamba alikuwa anawahisha kazi. Bosi wake wa nyumba ya wazee aliandika kurasa mbili nzuri mno, ila yule sio mwalimu. Hawakumchukua, na barua ya kukataliwa haikutaja CLEP popote.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa nasema fanya mitihani, fanya mingi, yale masomo ya mwanzo ya jumla hayana haja ya kukulia dola, ila masomo ya fani unayotaka kusomea masta usiyapitishe kituoni hata moja. Yule dada mwaka huu kachukua takwimu na epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) chuo cha karibu na kwake, jioni, anakaa siti ya mbele, anauliza hata maswali ambayo majibu yake anayajua.